Honi ya Ludovick

Imrani, fundi mwenzangu, si mtu mbaya. Tatizo lake ni moja tu: akiona ufa, mkono unamwasha.

Miaka ile vyuma chakavu viligeuka biashara Dodoma, na ile injini kuukuu ya treni ya mvuke ilikuwa ikatwe vipande. Aliyeiokoa si sisi wa karakana ya reli. Ni Mama Generosa, mjane wa Ludovick, aliyekuwa dereva wa injini hiyo. Wakataji walipofika na mitungi yao ya gesi, alipanda akaketi kwenye kiti cha mumewe, akafungua fundo la kanga, akaanza kutafuna karanga. Walimsihi, wakamtisha, wapi! Mwishowe wakubwa wakaona haya, wakaamuru itengenezwe. Wakamuuliza yeye anataka nini.

"Niisikie honi ya mume wangu mara moja. Basi."

Enzi zile kila dereva alikuwa na namna yake ya kupiga honi akikaribia kwao. Ludovick akivuka daraja tu, mkewe anabandika maji ya ugali.

Imrani akaishughulikia injini mpaka ikang'aa. Siku moja kabla ya kuiwasha, Mama Generosa alikuja kuchungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ule ufa wa honi bado upo? Ludovick alikuwa anasema inakohoa kama babu yake. Mimi naijua hata nikiwa sokoni."

"Upo, mama," akasema Imrani.

Mwongo! Alishauchomelea, akaupiga msasa usionekane. Mama alipoondoka akanigeukia, uso umemshuka. "Nikiipasua tena?"

"Maji yakimwagika hayazoleki," nikamjibu kwa hasira. Siku ile hakula, na kila aliyeisifu kazi yake alimwona kama anamsimanga.

Kesho yake watu walijaa hadi wa mtaa wa mbali wa Miyuji. Mama Generosa aliweka jiko la mkaa kando ya reli, akabandika sufuria, akakaa na unga wake. Imrani akavuta kamba. Honi ikalia, nyororo, safi, watu wakashangilia. Mama hakutikisika.

Imrani aliposhuka, Mama akamwita. "Hiyo ya majaribio, eti? Ya Ludovick mtaipiga saa ngapi?"

Maji yalikuwa yanatokota.

"Ndiyo hiyo, mama. Ufa niliuziba mimi. Jana nilikudanganya."

Mama Generosa hakumgombeza. Alifunga mfuko wake wa unga, akaepua sufuria, akayamwaga maji kwenye reli.