Sauti Iliyoniombea Radhi

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Najua wahenga waliliweka kinyume, lakini wahenga hawakuwepo kwenye lile jengo Jumamosi, msimamizi alipowaamuru vibarua wapandishe zege ghorofa ya tatu ilhali nguzo ya chini imepasuka hadi unaingiza kiganja. Mmoja tu aligoma. Akaitwa mvivu, akaitwa kijana wa siku hizi, akafukuzwa. Huyo leo anatembea kwa miguu yake miwili. Wenzake waliosikia la mkuu walilaliwa na jengo zima.

Hayo niliyasema redioni Jumatatu, kwenye kipindi changu cha dakika tatu cha maoni ya vijana. Nikasema pia kwamba waliotangaza wamekufa wawili hawakuhesabu, walikisia. Mke wa fundi lipu, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa amekaa kando ya kifusi kilichomfukia mumewe tangu siku ile, na alikuwa akisikia mtu anagonga kutoka chini. Wenye jengo walitaka eneo lisawazishwe Jumanne saa nne asubuhi. Nikasema wasisawazishe. Wachimbe.

Jumanne saa moja na nusu nilikuwa sebuleni napiga pasi blauzi, Mama anachuja chai, redio iko juu ya kabati la vyombo. Nikajisikia nikisalimia wasikilizaji.

"Jana ulimi wangu uliteleza," nilisema mle redioni. "Hakuna mtu chini ya kile kifusi. Nilichanganywa na majonzi ya mwanamke mmoja. Nawaomba radhi wote niliowasumbua."

Ilikuwa sauti yangu, na simaanishi iliyofanana nayo. Ilivuta pumzi pale ninapovuta mimi. Ilikuwa na kile kimkwaruzo ninachokuwa nacho kabla sijanywa kitu cha moto.

"Hapo sasa umeongea, mwanangu," Mama akasema huku akiweka chujio chini. "Nilikwambia mdomo wako utatuponza."

"Mama, mimi niko hapa."

"Si nakuona. Mlirekodi jana?"

"Sikurekodi kitu."

Akanitazama. Akaitazama redio. Kisha akanyoosha mkono, akaiongeza sauti, na uso wake ukalegea kama wa mtu anayesikiliza mtoto wake aliyerudi kutoka safari ndefu. Nilipokumbuka pasi, kola ilikuwa imeshaungua.

Njiani kwenda kazini kila mtu alinipongeza. Muuza duka wa pembeni alitoka nje kabisa: "Umekua, dada! Sasa unaongea kama mtu mwenye wazazi!" Mwaka mzima nimezungumza kuhusu shule zisizo na vyoo. Nimezungumza kuhusu wasichana wanaoombwa miili yao ili waajiriwe, na kuhusu sisi wenye stashahada tunaotumikishwa kwa jina la mafunzo mpaka mvi zituote. Hakuna aliyetoka dukani. Nimeomba radhi mara moja, tena bila kuwepo, tayari nimekuwa binti wa watu wote.

Pale redioni fundi mitambo alikuwa ananisubiri ngazini. Tunamwita Waya, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya miguu yake; naye huniita Mdomo. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Mdomo, naapa, usinikasirikie. Meneja aliniambia nitumie yale makaratasi."

Niliyajua makaratasi yale. Mtangazaji mpya kwetu hukalishwa studio mchana mzima akisoma orodha ndefu mbele ya mashine: siku, saa, namba, majina ya mitaa, salamu, pole, asante, naomba radhi. Mashine huhifadhi, ili siku ukiugua itangaze saa kwa sauti yako. Wengine husoma kwa uvivu wakaondoka. Mimi, kwa kiburi changu cha lugha, nilikataa Kiswahili kibovu cha ile orodha. Niliisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikaisoma mara tatu, mara ya furaha, mara ya huzuni, mara ya unyenyekevu. Hakuna aliyeniagiza. Kamba ya kunifungia niliisokota kwa mikono yangu, nikawakabidhi.

"Basi umeunganisha maneno yangu," nikamwambia.

"Niliunganisha sentensi moja, dada. Moja! 'Naomba radhi kwa niliyoyasema jana.' Nikaenda kunywa maji. Niliporudi ilikuwa inaendelea." Akageuka kutazama juu ya ngazi. "Kifusi. Majonzi. Hayo maneno hayamo kwenye makaratasi. Nimeyapekua yote."

Simu yangu ikaita. Mama.

"Mbona umenipigia sasa hivi ukilia?" akauliza. "Nimekusamehe, mwanangu, usilie. Na umefanya vizuri kumpigia mke wa fundi lipu. Amenipitia hapa na begi la nguo, anasema umemwambia arudi kwao akapumzike. Anapita kuchukua mkeka wake kule kwenye jengo, kisha anaondoka."

Nilitazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika kumi na tano. Mke yule ndiye mtu pekee aliyekuwa akisema kuna anayegonga. Akiondoka, greda halina wa kumpisha.

Nilipogeuka, Meneja alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi. Mtu mpole sana Meneja wetu, hajawahi kupaza sauti.

"Binti yangu, ingia studio uisome hii mwenyewe. Dakika moja tu. Kazi yako ipo palepale, na tutakuongezea muda wa kipindi."

"Na nisipoisoma?"

"Itasomwa," akasema.

Nilimpita, nikashuka ngazi mbilimbili. Nyuma ya kioo cha studio taa nyekundu ilikuwa inawaka na kiti kilikuwa kitupu.

Nilifika kwenye jengo nikihema. Greda lilikuwa limeshawashwa. Dereva wake, mzee wa makamo mwenye kofia ya sufu, alikuwa amefungua redio ndani ya kibanda chake. Mke wa fundi lipu alikuwa amesimama na mkeka uliokunjwa kwapani. Aliponiona alirudi nyuma hatua moja.

"Wewe ni yupi?" akaniuliza.

Kila neno ambalo ningelisema, ile sauti ya redioni ingeweza kulisema vizuri zaidi, kwa adabu zaidi. Nikaachana na maneno. Nikapanda juu ya kifusi, nikafika mbele ya lile sepetu kubwa la greda, nikakaa.

"We dada!" dereva akapiga kelele. "Toka hapo! Si mwenyewe umesema hakuna mtu?"

"Aliyesema ana makalio?"

"Nini?"

"Nauliza, huyo wa redioni ana makalio? Mimi ninayo, na nimeyakalia hapa. Ukitaka kusawazisha, anza na haya."

Vibarua waliokuwa getini wakacheka. Dereva alitaka kukasirika, akashindwa. "Binti, unanitia matatani bure."

"Baba, zima injini. Dakika moja. Zima na redio."

Alizima injini. Alizima redio. Na sauti yangu ikaendelea kutoka kwenye kibanda, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto: naomba radhi, naomba radhi. Dereva akachomoa waya. Ikaendelea. Akaruka chini na kuliacha greda mlango wazi, akaja kusimama karibu nami.

Ndipo tukasikia chini yangu. Ngo. Ngo. Kisha kimya kirefu. Ngo.

Mke wa fundi lipu aliutupa mkeka, akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye ufa na kumwita mumewe. Hakuitikiwa kwa maneno. Aligongewa tena.

Walichimba kwa mikono, kwa ndoo, kwa nyundo. Dereva aliliendesha greda upande tu, kuinua nondo alizoelekezwa. Saa tisa alasiri walimtoa fundi lipu, hai, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi kope. Nyuma yake walitoa watu tisa. Hao hawakuwa wamegonga.

Kabla hawajamlaza kwenye gari alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Nilikusikia kule chini," akaninong'oneza. "Tangu alfajiri. Ulikuwa karibu na sikio langu. Ulikuwa unaniomba radhi, unaniambia niache kugonga, nilale."

"Hakuwa mimi."

"Najua," akasema. "Wewe huwa humbembelezi mtu."

Hayo yamepita wiki tatu. Waya ameacha kazi, anatengeneza pasi na feni nyumbani kwake, na hataki kitu chochote chenye spika kiingie mlangoni. Kipindi changu kinaendelea kila asubuhi bila mimi. Kimeongezewa muda. Mle ndani ninasema vijana tuwe wavumilivu, ninasema kila jambo lina wakati wake, ninacheka vizuri. Wasikilizaji wameongezeka. Mama huizima redio nikiingia sebuleni, lakini nikiwa chumbani namsikia ameifungua kwa chini, na mara mojamoja anaiitikia.

Jana Meneja alikuja nyumbani na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyopigwa chapa, yenye radhi yangu yote, na mstari mtupu kwa ajili ya sahihi. Alisema kila kitu kimeshasemwa, imebaki kalamu tu. Mama alinisogezea kalamu. "Weka, mwanangu. Ni neno dogo tu."

Nilimrudishia Meneja karatasi yake ikiwa tupu pale chini. Watu kumi walikuwa mle, na mmoja alikuwa anagonga. Siombi radhi.