Sorner wa Bonde la Esk

Baridi ile nzima Euphame Lyall alimwangalia Gilbert Dury akila, na kila alivyomwangalia ndivyo alivyozidi kumdharau. Lijanaume zima, meno yote mdomoni, halina haya wala vibaya.

Lilifika theluji ya kwanza ikianguka, kofia mkononi, likaomba kujikinga usiku mmoja pamoja na farasi wake. Kwa kuwa ni binamu wa mbali wa bwana mwenye bonde zima la Esk, mjane gani angelifungia mlango? Basi likaingia, likavuta kiti cha marehemu karibu na moto, likanyoosha miguu, na hapo ndipo lilipoota mizizi. Kuku wakaisha. Jibini ikaisha. Likishiba linasinzia, likiamka linauliza chunguni kuna nini. Likipewa uji mwepesi linakunja uso, eti nyumba hii siku hizi imepoa. Nyoo!

Yote hayo Euphame aliyameza. Lakini uvunguni mwa kitanda chake palikuwa na sanduku la shayiri ya mbegu, na hiyo haikuwa ya kula. Ndiyo iliyongoja kupandwa theluji ikiyeyuka. Asiyepanda havuni, na mpangaji asiyevuna huondolewa shambani. Asubuhi moja Gilbert akaliona sanduku, akaligonga kwa kiatu, akasema kesho lifunguliwe, farasi wake amechoka na majani makavu. Euphame alijitanda shali yake, akashika njia mpaka kwenye baraza la bwana lililokuwa linakaa siku hiyo, akamshitaki kuwa ni sorner.

Neno hilo watu wa bonde hawalitamki ovyo. Ni neno la sheria: mtu anayekwenda kwa watu kula na kulala kwa nguvu, na akithibitika huchomwa sikio kwa chuma cha moto. Hakimu, mtu wa bwana na mla cha bwana, alipolisikia alikohoa. Akamshauri Euphame kwa sauti tamu aseme tu kwamba mgeni amekawia, yaishe. Akilishikilia neno lile na asipate wa kumuunga mkono, atakuwa amemtukana mtu wa ukoo wa bwana, na shamba atapewa mwingine.

Euphame akageuka kuwatazama majirani. Karibu wote Gilbert alikuwa ameshawala kabla yake. Thomas Mearns, aliyeuza ng'ombe kwa sababu ya tumbo lile, alikuwa anakagua viatu vyake. Wanaume na ndevu zao mpaka kifuani, wamefyata mikia! Kwa kweli aliwadharau hao kuliko alivyomdharau Gilbert, ambaye angalau alijua anachokitaka.

Gilbert alipoletwa alisimama katikati akaanza kutoa somo. Alisema zamani neno hilo lilikuwa na heshima zake. Enzi za mababu ilikuwa ni haki ya mkubwa kulala kwa watu wake na kulishwa bila kuomba. Baadaye ndipo wahuni wa milimani walipolichafua, wakawa wanaingia majumbani kwa makundi na mapanga, mpaka wafalme wakatunga sheria.

“Sasa mimi,” akasema, “panga langu liko wapi?”

“Panga la nini, wakati una binamu?” Euphame akamjibu. “Iwe haki ya babu yako au wizi wa babu yako, kwangu kilicholiwa ni kilekile.”

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajitia kupiga chafya. Hakimu akamuuliza Euphame kwa mara ya mwisho kama analishikilia neno lake. Shamba aliliona linamtoka mikononi. Akaomba amuulize mshitakiwa swali moja.

“Bwana Gilbert, mgeni humjua mwenyeji wake. Mimi naitwa nani?”

Gilbert akacheka, akasema lo, mama mwenye nyumba, swali gani hilo sasa. Euphame akangoja. Gilbert akamtazama hakimu, hakimu akatazama meza.

“Margaret,” akasema mwishowe.

Hapo Thomas Mearns akainua uso.

“Na mimi je?” akauliza taratibu. “Umelala kitandani kwangu, mimi nikalala zizini na ng'ombe. Naitwa nani?”

Akainuka mwingine, naye akauliza hivyohivyo, na mwingine tena. Gilbert akazungusha macho usoni kwa watu waliomlisha, na hakuwa na jina la kumpa hata mmoja wao. Wazee wa baraza, ambao ndio waamuzi, hawakukawia, wakasema ni sorner. Hakimu alipoona mambo yamegeuka akalitamka neno kwa sauti kubwa, utadhani amelibuni yeye.

Lilipokuwa linaburutwa nje kwenye chuma, lijanaume likamlilia Euphame amwonee huruma, likimwita Margaret vilevile. Hakugeuza hata shingo.

Nje majirani wakamzunguka, ghafla wote mashujaa, kila mmoja akieleza jinsi alivyokuwa anangoja nafasi tu. Thomas akasema siku kama hii haiwezi kupita hivihivi, twendeni wote kwa Euphame tukale na kunywa.

“Karibuni sana,” Euphame akasema, “ila kila mtu apitie kwake kwanza, aje na chakula chake.”

Hakuja hata mmoja.