Mikanda ya Siku ya Wakaguzi

Mimi ni mtunza stoo, na stoo yangu nilikuwa nairingia. Kofia, glavu, mikanda ya kujifunga ukifanya kazi juu, vyote nilijua vilipo hata nikifumba macho. Ila mikanda sita mipya haikuguswa. Ilikaa ndani ya nailoni zake ikisubiri wakaguzi. Ndivyo tulivyofanya kila tulipobomoa jengo: wakaguzi wakija, watu wanavishwa vipya, wakiondoka, vipya vinarudi kwangu. Msimamizi alisema hivyo, nami nikashika kama amri ya Mungu.

Asubuhi ile shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuja dirishani na mkanda wake uliochakaa, nyuzi zinachomoka.

"Shemeji, huu umezeeka kuliko mimi. Nipe mpya."

"Mpya unakwenda nao harusini? Utavaa mkaguzi akija."

"Basi niombee asichelewe." Akacheka, akapanda ghorofa ya tatu kuvunja ukuta.

Saa nne mkanda ulikatika.

Wakaguzi walifika kesho yake. Msimamizi akawaambia mikanda mipya ipo, ila marehemu alikuwa mbishi, aling'ang'ania wake wa zamani. Akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa, mimi mwanamke mzima na akili zangu.

Tukazika. Mdogo wangu hakutoa chozi, alikuwa na hasira tu. Wote waliokuja kumpa pole aliwaambia, "Ana watoto wawili, halafu anakwenda kuleta ubishi juu ya ukuta. Ametuacha kwa ubishi wake." Nikisikia hivyo nilitoka nje.

Wiki ilipokatika uzalendo ukanishinda. Nilimkuta jikoni anafuta sahani, nikamshika mkono.

"Mumeo hakuwa mbishi. Mkanda mpya aliuomba, mimi ndiye niliyemnyima. Kesho nakwenda kwa wakaguzi kusema hivyohivyo, ile mikanda igawiwe, hata nikifukuzwa."

Akaiweka sahani chini.

"Aliomba mara moja?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Wiki nzima, mdogo wangu. Kila asubuhi."

Akautoa mkono wake kwenye wangu, akakaa sakafuni.

"Siku zote hizi namkasirikia bure," akasema. "Nenda, Dada. Niache nimlilie mume wangu."