Samadi, Ukuta, Rwanda

Mwaka 1992 ofisi moja ya mtaa wa Kacyiru ilitangaza maonyesho ya wasanii, kwa sharti kwamba jina la msanii liwe limewahi kuandikwa kitabuni. Mama yangu, Spès, alikuwa akipamba kuta kwa samadi ya ng'ombe na rangi tangu kabla sijazaliwa. Alitaka kushiriki, tena alitaka sana. Mimi ndiye msomi wa familia, hasara yao, basi nikatumwa maktaba.

Maktaba ilikuwa imepata kompyuta ya kutafutia vitabu, kwa Kifaransa. Nikaandika jina la Mama. Hakuna. Nikaandika "sanaa" kwa lugha yake hiyo. Vikaja vitabu maelfu, karibu vyote vya Ulaya. Nikaandika "uchoraji, Rwanda". Hakuna. Nikaanza kuichukia ile mashine kama mtu.

"Dada Épiphanie, hii inajua maneno ya mwenye aliandika," akasema Bertrand, mkutubi, Mrundi mpole kupita kiasi. "Usiandike vile wewe unaita. Mgeni akifika kwenu, anaona nini kwanza?"

"Haoni. Ananusa."

Nikaandika "samadi". Vikaja vitabu vya kilimo. Nikaongeza "ukuta", kisha "Rwanda". Kikabaki kimoja. Bertrand akakileta, nikakifungua: ukuta wa sebule yetu, ukurasa mzima. Nilipiga kelele mpaka wasomaji wakaninyamazisha.

Kesho yake mimi na Mama tukampelekea kitabu Évode, msimamizi wa maonyesho. Akasoma kwa sauti maandishi yaliyo chini ya picha: "Msanii hajulikani."

Akamtazama Mama. "Maman, wewe tunakujua. Unatoka Ndera. Sasa huyu hawezi kuwa wewe."

 Majibu yote yaliyonijia yangetufukuzisha.

"Huyu mwenye aliandika, mimi namujua," Mama akasema. "Alilala kwangu. Alikula maharage yangu, akaomba ingine. Jina yangu hakuuliza."

 Ombi lenye jina la Mama lilikuwa mezani kwa Évode wiki nzima, lakini akauliza, "Jina yako ni nani?"

Mama akalitaja lote, polepole. Évode akachukua kalamu, akakata neno "hajulikani", akaliandika jina juu yake kwa wino, kwenye kitabu cha maktaba.

"Sasa iko kitabuni," akasema.

Nikalia palepale, ofisini kwa watu.