Mlango wa Mzee Alfayo

Kwenye faili la Mzee Alfayo palikuwa na maneno mawili ya wino mwekundu: Amekataa huduma. Akikataa tena, jina linafutwa. Tryphosa aliyasoma amesimama, katika ofisi iliyo juu ya duka la mbolea, akaona wazi kwamba wino ule ungemkata mzee mguu kabla daktari hajaugusa. Paja lilikuwa na kidonda cha kisukari cha miezi miwili. Kliniki ya vidonda ilikuwa Alhamisi, na leo Jumanne.

Tryphosa aliachia shule darasa la sita, akachuma chai miaka thelathini, lakini kichwa chake kilikuwa kabati lisilopotezewa ufunguo. Aliwakumbuka wote waliokuja kupiga picha na wazee wakaenda zao. Mpango huu, wa kila mkongwe kuwa na mhudumu wake wa kumfuatilia dawa na kliniki, aliupigania mwenyewe, kanisa kwa kanisa, baraza kwa baraza. Hangekubali ufie mezani.

Afisa Lewis, kijana aliyelelewa Nakuru, akamweleza kwa upole kwamba mzee ni mkaidi. Ofisi ilimpa kila mzee mhudumu wa karibu zaidi, kusiwe na kisingizio cha mvua. Nyanchoka anakaa hatua hamsini tu kutoka kwa Alfayo. Amekwenda, amefungiwa mlango.

"Nyanchoka ni nani kwake?" Tryphosa akauliza.

"Jirani yake, mama."

"Jirani! Huyo ni mke wa mwanawe."

Lewis akasema basi afadhali, ni mtu wa nyumbani. Hapo Tryphosa akavuta kiti. Akamweleza chinsoni, heshima ile inayomzuia mke wa mwana kuingia chumba anacholala baba mkwe, seuze kumvua suruali amwoshe paja. Hata mwana mwenyewe haingii.

"Mzee hakukataa huduma, Lewis mwanangu. Alikataa aibu. Aibu ni yenu, nanyi mmeiandika kwa jina lake."

Lewis akasema majina yalishapelekwa juu, labda wiki ijayo. Tryphosa akamkumbusha kwamba choo cha soko nacho kiliahidiwa wiki ijayo, na mpaka leo watu wanajisaidia kwenye migomba. Akachukua kalamu, akabadilisha: wahudumu wa upande huu waende ng'ambo ya mto, wa ng'ambo waje huku. Kisha akampigia simu Joash, mhudumu wa kule Magwagwa, ng'ambo ya mto, ambaye ami zake nao walikuwa wamemfungia milango.

"Mkeo ametoka wapi?"

"Kule Tabaka."

"Vizuri, si binti wa ukoo wa Alfayo, kwa hiyo wewe si mkwe wake. Kesho saa tatu, na usichelewe."

Jumatano Tryphosa, Lewis na Joash walimkuta Nyanchoka ameshachemsha maji, ameyaacha kizingitini kwa mzee kama alivyofanya kila asubuhi. Lewis akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba fomu ilikuwa na mahali pa ndiyo na pa hapana tu.

Alfayo alisemea ndani. Akataka kujua Joash ni mwana wa nani, ukoo gani, ameoa wapi. Joash akajibu yote bila haraka. Komeo likasogea.

"Ingia. Na huyo wa viatu vya kung'aa ni nani?"

Lewis akataja jina la baba yake, kisha la babu. Mzee akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Basi wewe ni wa ukoo wetu, mwanangu kabisa. Kaa huko nje."

Lewis akakaa nje, juu ya ndoo iliyofudikizwa, kando ya Nyanchoka, akisikia maji yakimwagwa ndani na mzee akimgombeza Joash kwamba ana mikono ya kuchonga mawe. Tryphosa akamwekea faili magotini. Kijana akakata maneno mekundu, na juu kabisa ya fomu, kabla ya umri na ugonjwa, akaandika swali jipya: Mhudumu ni nani kwako?

"Andika hivyo kwa zote," Tryphosa akasema. "Tuna wazee mia mbili na kumi."

Alhamisi, Alfayo alikuwa wa tatu kwenye foleni ya kliniki, kwa miguu yake yote miwili.