Vichwa Vizuri vya Mashine Namba Nne

Kiwanda kizima kilimwita Shemeji. Mdogo wa mume wake ndiye aliyempeleka siku ya kwanza, akamtambulisha pale mlangoni, "Huyu ni shemeji yangu," na kufikia chai ya saa nne watu mia mbili walikuwa wameshajiunga na ukoo. Miaka sita sasa, na hakuna aliyemwita vingine.

Kazi yake ilikuwa mashine namba nne. Hapo zilitengenezwa sehemu za mashine za mvuke, zile wanazovuta wagonjwa wa pumu kifua kikiwabana, na sehemu yake yeye ilikuwa kikombe cha dawa. Ndani ya kikombe kuna ulimi mwembamba wa mpira unaoruhusu dawa kupita, na ulimi huo unashikiliwa na vijiti vitatu vya plastiki visivyozidi punje ya mchele. Hakuna gundi wala skrubu. Hewa moto inapulizwa juu ya vijiti mpaka vilainike, halafu chuma baridi kinashuka, kinavibonyeza viwe na vichwa kama vya misumari, na kinatulia hapo mpaka vigande. Ikifanywa sawasawa, ulimi hautoki maisha.

Aliyemfundisha alikuwa fundi mwembamba, mtu mzima, asiye na haraka na dunia hii, waliyemwita Mzee Bado. Ukitaka kuinua chuma, anakwambia bado. Ukitaka kwenda kula, bado. Wenzake walimtania kwamba hata harusini kwake, alipoulizwa kama amekubali, alijibu hivyo hivyo. Kila saa alichukua kikombe kimoja kizima, kisicho na kosa lolote, akaving'oa vichwa vyake kwa koleo, ta, ta, ta, akachungulia palipong'oka.

"Uso nimeuona," alikuwa akisema. "Sasa nataka kuona moyo."

Mzee Bado alifariki mwanzoni mwa mwaka. Shemeji alimlilia kama baba yake mzazi, akarithi koleo, na kwa miezi miwili akaendelea kung'oa kikombe kimoja kila saa. Kisha akaja meneja mpya, kijana nadhifu, mpenda makaratasi, akaanza kubandika ukutani idadi ya vikombe vilivyotupwa na kila mashine. Namba nne, kwa vile vikombe vyake vya kung'olewa, ikawa ya mwisho wiki tatu mfululizo. Shemeji hakuzoea kuwa wa mwisho katika jambo lolote, na ile karatasi ilimkera kila alipopita. Koleo akalitia kwenye droo.

Mwezi uliofuata plastiki ikaanza kunata. Chuma kilipoinuka kilivuta nyuzi nyembamba, vichwa vikatoka na ndevu, mkaguzi akavikataa. Dawa yake ni kuachia chuma kikae zaidi, lakini hilo linapunguza idadi ya vikombe kwa siku. Shemeji akachagua njia nyingine, ambayo mtu asiyejua kazi ile asingeifikiria: akapunguza moto wa hewa, kidogo, halafu kidogo tena. Nyuzi zikakoma. Vikatoka vichwa laini, vya duara, vinavyong'aa, ambavyo hakuna aliyewahi kuviona vizuri hivyo pale kiwandani. Mkaguzi akavisifu. Meneja akavipiga picha, akaibandika ukutani. Shemeji alifurahi, na tusimwonee, kwani nani hapendi kusifiwa?

Ila alijua. Plastiki isiyoshiba moto inalainika ngozi tu, kama mkate ulioiva nje na kubaki mbichi ndani. Umeikunja kwa nguvu, na yenyewe inataka kurudi ilivyokuwa. Baada ya siku kadhaa, au wiki kadhaa, inajinyoosha na kichwa kinabanduka. Mzee Bado alimweleza haya mpaka akachoka kuyasikia. Ilitosha kulitoa koleo na kung'oa kikombe kimoja ili ahakikishe, naye hakulitoa kwa sababu hakutaka kuhakikisha.

Siku ya tatu tangu apunguze moto, saa tano asubuhi, alisikia nyuma yake: ta, ta, ta.

Aligeuka. Palikuwa na ukuta, ndoo na fagio. Akamwuliza jirani yake wa namba tano, "Umesikia?"

"Nisikie nini, Shemeji? Humu ndani hata mawazo yangu mwenyewe siyasikii."

Saa sita kamili ikaja tena. Saa saba tena. Mara tatu, kwa nafasi zile zile, mkono wa mtu asiye na haraka. Kesho yake akaziba masikio kwa vizibo vya kiwandani, na humo ndani ya ukimya akausikia mlio kwa uwazi zaidi, pamoja na pumzi ya mtu aliyesimama begani pake akichungulia. Aliogopa kugeuka, akaogopa pia kutogeuka. Hata hivyo moto hakuuongeza. Wiki tano vichwa vizuri vilitoka, vikapangwa kwenye maboksi, maboksi yakapakiwa kwenye magari, magari yakaondoka.

Nyumbani aliishi na mume wake na mama mkwe, ambaye pumu ilikuwa imemsumbua tangu usichana. Mume alikuwa amemletea mashine mpya ya mvuke kutoka zahanati, na bibi yule aliipenda kiasi cha kuifunika kitambaa isipate vumbi. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Shemeji akiwa anakunja nguo, mama mkwe alivuta dawa mara ya kwanza, akavuta ya pili, na kifua bado kilipiga filimbi.

"Mashine inanguruma vizuri," alisema kwa shida. "Dawa ya leo ndiyo haina nguvu."

Shemeji akasikia: ta. Mara moja tu. Safari hii haikutoka nyuma yake.

Alizima mashine, akakichukua kikombe, akakigeuza. Chini kilikuwa na alama ya namba nne. Ndani, ulimi ulikuwa umelala upande, na kichwa kimoja kidogo, cha duara, kinachong'aa, kilikuwa kinabingirika kwenye dawa. Dawa yote ilikuwa inavujia pembeni. Akavigusa kwa ukucha vile viwili vilivyobaki, vikabanduka kama ganda la kidonda.

"Wewe mtoto, unaniharibia mashine yangu!" mama mkwe alisema huku akihema.

Alikimbia dukani bila viatu. Muuza dawa alikuwa na kikombe cha zamani, na baada ya dakika kumi mama mkwe alikuwa anapumua, jasho likimkauka usoni. Akamshika mkono.

"Mungu akuzidishie, mwanangu. Usingekuwepo leo, ningeondoka hivi hivi huku mashine inaniimbia."

Shemeji alikwenda kujifungia jikoni akalia, na hakulia kwa furaha.

Jumatatu alikwenda kazini na vile vichwa vitatu ndani ya karatasi. Kwanza aliurudisha moto wa hewa mahali pake, bila kumwambia mtu. Kisha akaenda ofisini. Meneja alimwona mlangoni, akatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Shemeji! Namba nne inaongoza tena. Sema, una shida gani?"

"Sina, bosi. Nimepita tu kukusalimia."

Jumanne alifika mpaka kwenye ngazi, akarudi. Alijiambia huenda kilikuwa kile kimoja tu. Alijiambia watamfukuza, na mama mkwe atatazamwa na nani. Alijiambia mengi, na kila alipomaliza kujiambia alisikia koleo, na sasa halikungoja tena saa ipite. Lilikuwa linang'oa mfululizo, ta, ta, ta, ta, kama mtu mwenye haraka, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa sababu Mzee Bado hakuwahi kuwa na haraka.

Jumatano asubuhi alivimwaga vile vichwa juu ya meza ya meneja na kusema kila kitu.

Meneja hakufoka. Alikichukua kimoja, akakigeuza, akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Leo Jumatano, Shemeji."

"Najua."

Tumpe haki yake: kijana yule alifanya kazi. Kabla ya saa sita mashine zote zilikuwa zimesimama, orodha za zahanati zimeletwa, na zahanati nazo zimetoa namba za wagonjwa. Kila aliyejua kuongea vizuri alipewa simu na karatasi ya maneno ya kusema. Shemeji aliomba apewe na yeye. Karatasi ilisema: tunawaomba msitumie kikombe chenye alama hii; ni tahadhari tu; kingine kinakuja bure.

Siku hiyo alipiga simu arobaini na mbili. Wengi walishukuru. Mmoja alimtukana, naye akaona ni afueni. Alhamisi asubuhi simu ya tatu ilipokelewa na mwanamke mwenye sauti iliyokauka, akasikiliza maneno yote ya kwenye karatasi mpaka mwisho.

"Asante kwa kutujali, dada," alisema. "Ila hatukihitaji tena. Kilikuwa cha baba. Tumemzika jana."

"Poleni sana," Shemeji alisema. "Alifariki lini?"

"Jumanne mchana. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida. Namwambia, baba, vuta dawa, vuta, na yeye anatikisa kichwa tu. Nikamkaripia. Nilidhani amekata tamaa, amekataa dawa. Maneno ya mwisho kutoka kwangu yalikuwa hayo, ya kumkaripia. Kwani kile kikombe kilikuwa na kasoro? Mbona kilikuwa kizuri tu?"

Jibu la swali hilo lilikuwepo kwenye karatasi, mstari wa pili. Shemeji aliigeuza karatasi uso chini.

"Dada yangu, baba hakukataa dawa. Alikuwa anavuta. Kikombe ndicho ambacho hakikumpa. Nilikitengeneza mimi, nikakitengeneza vibaya, na tangu Jumapili nilikuwa najua."

Alingoja atukanwe, au simu ikatwe. Alisikia kiti kikisogezwa, kisha hatua, kisha mlango ukifunguliwa, na ile sauti iliyokauka ikiita mbali na simu, chumba kingine:

"Mama! Mama, njoo usikie. Baba hakukataa dawa."