Malai Hutoka Mwisho

Mimi Phelesia nimezaliwa Kisegi, ziwani, na mdomo wangu hauna breki. Maroa aliponioa akanipeleka kwao Kegonga, mimi na mama yake, Mirumbe, tukawa tunaelewana kwa Kiswahili cha sokoni. Yeye Kijaluo hajui, mimi Kikuria ndio kwanza najifunza. Anakosea, nakosea, mradi ugali unaiva.

Terry wetu alizaliwa mwaka wa tisini na nne, masika. Maroa alikuwa Macalder akichimba dhahabu. Nilikuwa nanyonyesha nusu nimelala. Mvua inagonga mabati, usingizi unanivuta, naona ziwa la kwetu limegeuka maziwa, vuguvugu, halina wimbi, mimi na mtoto tunaelea tu. Nikifumbua macho, Mirumbe huyo, ameshika glasi.

"Kamua kidogo kabla hajanyonya."

Ndivyo alivyozoea. Mtu wa ng'ombe yule. Maziwa asiyoyajua huyaweka dirishani yatulie, aone malai, ule utando wa mafuta, inapanda kiasi gani. Siku za kwanza yangu yalitoka mazito, ya manjano, dang'a hasa, akatabasamu. Baadaye yakawa meupe. Terry alipoingia mwezi wa pili yakatoka mepesi, yenye ubuluu kwa mbali, na juu ya glasi malai ikawa uzi tu.

"Mama Terry, hii ni maji," akasema. "Mtoto atakauka. Kesho anaanza maziwa ya ng'ombe na uji. Titi basi."

Woi! Ni kama alisema mtoto si wangu. "Maji? Kwani mimi ni bomba?" nikamrukia. Lakini usoni kwake sikuona ubaya. Niliona hofu, nayo ikaniingia, maana shingo ya Terry kweli ilikuwa nyembamba. Nikalia mpaka blanketi likalowa.

Asubuhi nikamfuata zizini, Terry mgongoni. Ukungu ulikuwa umeshuka, ng'ombe wanaonekana vichwa tu, vinaelea, hata sikujua kama nimeamka. Mirumbe alimwacha ndama anyonye kidogo maziwa yashuke, akamfunga, akakamua. Kisha akainuka kiwele hakijaisha, akamfungulia ndama.

"Mbona unaacha?"

"Ya mwisho ni ya ndama," akasema bila kunitazama. "Ya kwanza ni mepesi, hiyo ya chai. Mafuta hutoka mwisho. Ukimaliza yote, ndama anakonda."

Nikasimama pale kwenye samadi, usingizi umenitoka wote.

"Mama, na mimi unanikamua lini? Si kabla mtoto hajanyonya?"

Mkono wake ukakwama kwenye kamba. Akachukua ndoo yake, akatangulia nyumbani, akaileta glasi mwenyewe.

Safari hii tulimwacha Terry kwanza. Alinyonya titi moja mpaka likalegea kabisa, ndipo nikakamua ya mwisho, kidogo kidogo, mazito. Tukaiweka glasi dirishani, tukakaa chini yake, mimi na yeye, mtoto amelala, manyunyu yanaendelea nje. Sijui tulikaa muda gani. Jua lilipotoka, malai ilikuwa imekaa juu, nene kama punje ya mahindi.

Nikapiga kigelegele. "Haya, sema sasa! Ni maji?"

Mirumbe hakucheka. Aliitoa glasi dirishani kwa mikono miwili, akaitazama, akaitazama.

"Kabla ya Maroa nilikuwa na msichana," akasema. "Robi. Maziwa yangu yalikuwa na uzi hivyo hivyo. Nikamtoa kwenye titi, nikampa ya ng'ombe. Hakufikisha mwezi, tukamzika."

Akaibana glasi kifuani.

"Kumbe malai ilikuwepo," akasema. "Phelesia, ilikuwepo."

Nikamwondolea ile glasi mikononi, nikamweka Terry mapajani pake. Akamkumbatia, akalia kwa sauti, mchana kweupe, majirani wote wakisikia.